Je, MS iko kwenye damu ya ukoo wetu?

SWALI: Shikamoo Daktari. Dada yangu alichukuliwa na mama mdogo kwenda Birmingham akiwa na miaka 9. Sasa ana 31. Mwaka jana jicho moja lilififia, kisha miguu ikafa ganzi, akaambiwa ana MS, ugonjwa wa mishipa ya fahamu. Huku Tanga familia imegawanyika. Upande wa baba wanasema ugonjwa umetoka kwa mama, kwa sababu bibi mzaa mama alipooza kabla ya kufariki. Binamu yetu aliyeko Marekani anataka kutununulia vipimo vya vinasaba, mimi na binti yangu wa miaka 7. Nikubali? Na madaktari wa dada wanataka kumwekea dripu ya ocrelizumab, ambayo wanasema inaua seli za kinga. Mama anaogopa, maana marehemu baba aliwahi kuugua TB. Tufanyeje?

JIBU: Marahaba. Nianze na bibi, maana naona ndiye anayebebeshwa mzigo na hayupo kujitetea. Mzee anayepooza ghafla, mara nyingi sana amepata kiharusi, na kiharusi ni habari ya shinikizo la damu na kisukari. MS huanza ujanani, kwa kawaida kati ya miaka 20 na 40, na mwanzoni huja na kuondoka: jicho linafifia kwa wiki kadhaa kisha linarudi, ganzi inapanda kutoka nyayo hadi kiunoni kisha inapungua. Kwa maelezo uliyonipa sioni sababu yoyote ya kumwingiza bibi katika kesi hii. Mwacheni apumzike.

Lakini swali lenyewe, kama ugonjwa huu unapita kwenye damu, si la kipuuzi. MS, au multipo sklerosisi kwa jina lake refu, ni ugonjwa ambao kinga ya mwili inaingia kwenye ubongo, uti wa mgongo na mishipa ya macho, ikaichubua mayelini, yaani ule utando wa mafuta unaozifunika neva. Neva iliyochubuliwa inachelewesha ujumbe au inaupoteza kabisa. Ulaya kaskazini na Kanada, ambako ugonjwa umezagaa, anaugua mtu mmoja hadi watatu katika kila 1,000. Ndugu wa tumbo moja na mgonjwa ni karibu watatu kati ya 100. Mtoto wa mgonjwa ni kama wawili kati ya 100. Pacha wa kufanana ni takriban robo.

Hiyo robo itazame vizuri. Mapacha wa kufanana wana vinasaba vilevile. Ingekuwa MS inaamuliwa na vinasaba peke yake, kama ilivyo selimundu, mmoja akiugua na mwenzake angeugua. Badala yake, katika kila mapacha wanne wa wagonjwa, watatu wanabaki salama. Sasa geuza upande wa pili. Mwaka 1995 watafiti wa Kanada walichapisha habari za watu walioasiliwa katika familia zenye MS. Walikula chungu kimoja na mgonjwa, wakakua nyumba moja naye, na hatari yao ilikuwa sawa na ya mtu mwingine yeyote nchini. Kumbe kinachowafanya ndugu wa damu waugue ugonjwa mmoja ni damu kweli, wala si nyumba. Ila damu peke yake haitoshi.

Damu hiyo inarithisha nini hasa? Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu jibu ndilo linalomaliza ugomvi wenu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 watafiti waligundua kwamba wagonjwa wa MS wanafanana katika kundi la jeni liitwalo HLA, lililoko kwenye kromosomu ya 6. Jeni hizi hutengeneza protini zinazokaa juu ya utando wa seli, zimeshika vipande vidogo vya protini nyingine ili seli T za kinga zivikague, kama mchuuzi wa sokoni anayekata kipande cha nanasi na kukunyooshea uonje. Seli T ikitambua kitu kigeni, inawaka na kuanza kushambulia. Umbo la protini ya HLA ndilo linaloamua kipande gani kinashikika na kipi kinateleza. Toleo moja, HLA-DRB1*15:01, lina umbo linalokishika vizuri kipande cha mayelini yetu wenyewe. Ukiwa na nakala moja ya toleo hilo, hatari yako ya MS inapanda kama mara 3. Jirani yake, HLA-A*02, anafanya kinyume: anaipunguza hatari.

Usije ukadhani basi 15:01 ndiyo jeni ya MS. Ulaya kaskazini karibu mtu mmoja kati ya wanne analo toleo hilo, na karibu wote wanazeeka na kufa bila kuijua MS. Na karibu nusu ya wagonjwa hawanalo kabisa.

Kuna habari moja hapa ambayo napenda kuisimulia kila ninaposikia kwamba MS ni ugonjwa wa Wazungu. Kwa miaka mingi haikujulikana kama mkosaji ni DRB1*15:01 au ni jeni jirani, DQB1*06:02, kwa sababu kwa watu wa asili ya Ulaya hizo mbili hurithiwa pamoja kama kifurushi kimoja. Kwa watu wa asili ya Afrika, ambao historia yao ya vinasaba ni ndefu zaidi, vifurushi vya namna hiyo vimeshakatwakatwa kwa vizazi vingi. Mwaka 2004 kikundi cha watafiti wa California kiliwapima Wamarekani weusi wenye MS, kikaona kwamba DRB1*15, yaani familia ya 15:01, inahusika hata pale ambapo jirani yake hayupo. Damu ya watu weusi ikaamua kesi iliyowashinda wapimaji wa damu ya Wazungu. Kwa watu wa asili yetu, tena, toleo linalokutwa zaidi si 15:01 bali ni ndugu yake, 15:03, nalo limehusishwa na MS. Likumbuke hilo tutakapofika kwenye kipimo cha binamu.

Baada ya HLA zilifuata jeni ndogondogo. Mwaka 2019 muungano wa kimataifa wa watafiti wa vinasaba vya MS ulichapisha kazi iliyolinganisha wagonjwa 47,429 na watu wazima wa afya 68,374. Walipata sehemu 233 za vinasaba zinazohusika: 32 ziko ndani ya eneo la HLA, moja iko kwenye kromosomu X, na 200 zilizobaki zimetawanyika kwenye kromosomu nyingine. Karibu kila moja inagusa kazi ya kinga: seli T, seli B (jamii ya seli za kinga wanamotoka watengenezaji wa kingamwili, zile protini zinazowanasa wavamizi), na seli za mikroglia, ambazo ni kinga ya ndani ya ubongo wenyewe. Neva zenyewe hazikuonekana. Na nyingi ya sehemu hizo hazibadilishi protini. Zinaongeza au kupunguza tu kiasi kinachotengenezwa. Kila moja peke yake ina nguvu ndogo kiasi kwamba huwezi kuiona kwa mtu mmoja. Jeni ya IL7R, kwa mfano, inayoziwezesha seli T kuishi na kuongezeka, ina toleo la hatari ambalo Wazungu walio wengi wanalo! Ni toleo la kawaida kabisa. Wasio nalo ndio waliobahatika kidogo.

Kwa hiyo, kuhusu upande wa baba na upande wa mama: dada yako amechota kutoka pande zote mbili, nawe umechota, nami nimechota kwa wazazi wangu. Anayetaka kumtafuta aliyeleta ugonjwa itabidi awashitaki wazee wa koo zote mbili, waume kwa wake.

Jeni mbili nitazieleza zaidi, kwa sababu zinagusa moja kwa moja hofu ya mama.

Ya kwanza ni TNFRSF1A. Inatengeneza kipokezi cha TNF, kemikali ambayo seli za kinga huimwaga kuchochea uvimbe. Miaka ya 1990 dawa za kuzima TNF zilianza kuwasaidia sana wagonjwa wa baridi yabisi, ikaonekana ni busara kuzijaribu kwa MS. Matokeo ya dawa moja ya aina hiyo, lenercept, yalichapishwa mwaka 1999: waliopewa dawa walipata mashambulizi mengi zaidi, na mapema zaidi, kuliko waliopewa dripu ya kulinganishia isiyo na dawa ndani. Watu walibaki wanakuna vichwa. Mwaka 2012 watafiti wakagundua kwamba toleo la TNFRSF1A linaloongeza hatari ya MS huufanya mwili utengeneze kipokezi kifupi kisichojishikiza kwenye utando wa seli. Kinaelea tu na kuinasa TNF kabla haijafika. Yaani mwenye toleo hilo amezaliwa akiwa na dozi ndogo ya dawa ileile mwilini mwake. Jambo la kuzingatia nyumbani kwenu ni hili: siku yoyote dada akipelekewa dawa za kuzima TNF kwa ajili ya viungo, ngozi au utumbo, amwambie daktari huyo kwanza kwamba ana MS.

Ya pili ni TYK2, protini ya ndani ya seli inayopitisha ujumbe wa kemikali kadhaa za kinga. Kuna toleo lake adimu linalodhoofisha upitishaji huo. Mwenye nakala mbili ana hatari ndogo zaidi ya MS na ya magonjwa mengine ambayo kinga inaushambulia mwili. Habari njema, sivyo? Mwaka 2018 ikaonekana kwamba watu haohao, wenye nakala mbili, wanapata TB kwa urahisi zaidi. Uchunguzi wa mifupa ya kale ya Ulaya umeonyesha kwamba toleo hilo lilikuwa likipungua katika kipindi cha miaka 2,000 iliyopita, na watafiti wanaamini TB ndiyo iliyokuwa ikiwaondoa waliolibeba. Kinga iliyolegea inakuepusha na MS, inakuacha wazi kwa TB. Kinga kali inafukuza TB, ila siku moja inaweza kukugeukia wewe mwenyewe. Kwa marehemu baba, hata hivyo, msiihusishe jeni hii. Toleo hilo ni adimu sana kwa Waafrika, na TB yetu haihitaji jeni adimu ili kumpata mtu.

Bado hatujasema kwa nini yeye, wala si wewe. Wewe ni mwanaume, na MS inawapata wanawake mara 2 hadi 3 zaidi. Hilo ni moja. La pili ni Birmingham. Mwaka 1990 ulichapishwa uchunguzi wa watoto waliozaliwa Uingereza na wazazi waliohamia huko kutoka Afrika, Karibi na Bara Hindi. Wazazi walikuwa na MS kwa nadra. Watoto wao waliozaliwa huko walikaribia kiwango cha Waingereza wenyewe. Na vinasaba havibadiliki kwa kupanda ndege. Uzito wa hoja unaangukia uhaba wa jua na vitamini D, unene wa ujanani, sigara, na zaidi ya yote kirusi kiitwacho Epstein-Barr.

Kirusi hiki kina historia ya hapa Afrika Mashariki. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji katika Hospitali ya Mulago, Kampala, aliwachunguza watoto waliokuwa na uvimbe mkubwa wa taya. Vipande vya uvimbe huo vikasafirishwa hadi London, na mwaka 1964 Epstein, Achong na Barr wakatangaza kirusi walichokikuta ndani yake. Miaka 58 baadaye kikarudi kwenye habari za MS. Mwaka 2022 watafiti wa Marekani walichapisha ufuatiliaji wa wanajeshi zaidi ya milioni 10, ambao 955 kati yao walipata MS wakiwa kazini. Hatari ya MS ilipanda mara 32 baada ya mtu kuambukizwa Epstein-Barr. Kirusi hiki huishi ndani ya seli B, na mojawapo ya milango anayoingilia ni protini za HLA zilezile tulizozizungumza.

Kwetu karibu kila mtoto anaambukizwa akiwa mdogo sana, wala hajui. Uingereza wengi hukikwepa hadi ujanani, kisha kinawashika kwa homa kali, koo kuuma na tezi za shingo kuvimba. Waliopitia hali hiyo ndio wanaoonekana baadaye na MS zaidi. Dada yako aliondoka Tanga na miaka 9, kwa hiyo huenda alishakuwa nacho. Siwezi kukuambia kwamba mkasa wake umetokana na kirusi kwa asilimia fulani na hali ya hewa kwa asilimia fulani. Mgonjwa mmoja hagawanywi hivyo. Sigara ndiyo ninayoweza kuizungumza kwa uhakika. Huko Sweden, wavutaji wenye DRB1*15 na wasio na kinga ya A*02 walikuwa na hatari ya karibu mara 14 wakilinganishwa na wasiovuta wasio na mzigo huo wa jeni. Jeni ileile, mapafu tofauti, matokeo tofauti kabisa. Kama unavuta, acha. Hilo lina faida kuliko kipimo chochote cha binamu.

Na kipimo hicho, mjibu kwa heshima kwamba hapana. Vipimo vya mate vinavyouzwa kwa posta huwa vinasoma alama chache zilizoko karibu na DRB1*15:01, na alama hizo zilipatikana kwa watu wa asili ya Ulaya. Kwako zinaweza kusema huna wakati una 15:03, au zikakutia wasiwasi bure. Hata kama vingesoma kwa usahihi wote, ungefanya nini na jibu? Hatari ya ndugu wa mgonjwa ni kama 3 kati ya 100 kwa takwimu za Kanada. Kwa mwanaume aliyekulia Tanga sioni sababu ya kuipandisha hadi hapo. Ya binti yako, ambaye dada ni shangazi yake, ni mmoja kati ya 100 au chini ya hapo kwa takwimu hizohizo. Hakuna dawa tunayompa mtu kwa sababu ana jeni, na mtoto wa miaka 7 hapaswi kukua na karatasi inayomwambia ana mwili wa mashaka. Acheze juani, asinenepe kupita kiasi, na nyumbani asivutishwe moshi.

Pesa ya binamu, kama anasisitiza kuitumia, kuna jambo lenye maana zaidi la kuulizia Birmingham. Jicho kufifia na miguu kufa ganzi ni dalili pia za ugonjwa mwingine unaofanana na MS, nyuromielaitisi optika, ambao kwa watu weusi si wa kupuuzwa. Huo una kingamwili yake, iliyogunduliwa mwaka 2004, inayoshambulia akwaporini-4 (protini inayopitisha maji kwenye seli), na kuna mwingine wenye kingamwili dhidi ya MOG (protini ya kwenye mayelini). Yote mawili hupimwa kwa damu. Tofauti ni kubwa, kwa sababu baadhi ya dawa za MS, kama interferoni, natalizumabu na fingolimodi, zinaweza kumzidishia hali mwenye nyuromielaitisi. Yamkini wameshapima, Uingereza hufanya hivyo mara nyingi. Dada aulize tu: "Kingamwili za akwaporini-4 na MOG zilipimwa? Zilikuwaje?" Hawatakasirika.

Nimefika kwa mama na dripu. Ocrelizumab haifuti kinga yote. Inalenga alama ya CD20, ambayo iko kwenye seli B, haiko kwenye seli mama za uboho wala kwenye zile seli zilizokwisha komaa na kutengeneza kingamwili. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kumbukumbu ya chanjo na ya magonjwa ya zamani inabaki. Seli B ndizo zilizosheheni protini za HLA za kunyanyulia vipande, na ndimo Epstein-Barr anamojificha. Ukiziondoa, seli T zinakosa wa kuzichochea. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kwamba mashambulizi yalipungua kwa karibu nusu, yakilinganishwa na yale ya waliopewa interferoni. Kuhusu TB, ulinzi wetu mkubwa dhidi yake ni seli T pamoja na TNF. Dawa za kuzima TNF zinajulikana kwa kuiamsha TB iliyolala. Dawa za kuondoa seli B hazina sifa hiyo. Hatari inayojulikana vizuri kwa ocrelizumab ni homa ya ini aina ya B kuamka upya, na ndiyo maana ni lazima ipimwe kabla ya kuanza.

Kazi ya dada, basi, ni kumweleza daktari wake mambo ambayo faili la Uingereza huenda halina: kwamba alizaliwa na kulelewa Tanga hadi miaka 9, kwamba baba aliugua TB, mwaka gani, na kama walikuwa nyumba moja wakati huo. Aombe kupimwa TB iliyolala pamoja na homa ya ini B, na chanjo zote anazozikosa zitangulie wiki kadhaa kabla ya dripu ya kwanza, kwa sababu baada yake mwili huitikia chanjo kwa unyonge. Akiwa na mpango wa kurudi nyumbani moja kwa moja, alitaje hilo mapema. Rituximabu, dawa ya ukoo huohuo, iliingizwa na Shirika la Afya Duniani kwenye orodha ya dawa muhimu kwa ajili ya MS mwaka 2023, na ndiyo ambayo daktari wa mishipa ya fahamu wa huku angeanza kuiulizia. Vipimo vikiwa safi, mwambie mama nimesema dada aanze dawa bila kuchelewa. Neva iliyokwisha chubuliwa hairudi kirahisi, na kila shambulio linalozuiwa sasa ni mguu anaoubakiza.